Nyumba Isiyo na Baraza



Mwezi uliopita nilikwenda kuhani msiba kwa jamaa yangu mmoja aliyejenga nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam. Nyumba ni nzuri kwa kweli: vyumba vitano, vigae juu, marumaru chini, na ukuta mrefu pande zote. Lakini watu walipoanza kufika, hapakuwa na mahali pa kuwakalisha. Kibaraza cha mbele kilitosha viatu tu. Uwanja wote ulikuwa umesakafiwa kwa ajili ya magari, na ilipofika saa nane mchana, saruji ile iliwaka kama kikaango. Wanaume tukaishia barabarani chini ya turubai la kukodi, na akina mama wakajibana katika banda la gari. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami akasema kwa sauti ya chini, "Nyumba hii imechorwa na mtu asiyekuwa na babu."

Maneno hayo hayajanitoka. Kwa hiyo leo napenda tutazame nyuma, tuone hao babu walijenga vipi.

Wako wanaodhani kwamba kutengeneza mahali pa kuishi nje ya nyumba, penye kivuli na upepo mwaka mzima, ni anasa tuliyoletewa kutoka Ulaya. Sivyo. Pale Kilwa Kisiwani, mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga kasri la Husuni Kubwa juu ya genge linalotazama bahari. Mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alichimbua magofu hayo katika miaka ya 1960. Humo mna viwanja vya wazi vilivyoteremshwa chini na kuzungukwa na ngazi ambazo watu waliweza kuzikalia, na birika la kuogea lenye pembe nane. Viwanja vya namna hiyo viko pia katika magofu ya Songo Mnara, na ya Gedi karibu na Malindi.

Mtu atasema, hayo ni ya masultani na matajiri. Ni kweli, lakini utaalamu wenyewe ulienea. Tazama nyumba za mawe za Lamu. Ukitoka njiani unakutana kwanza na daka, yaani kipaa cha mlangoni chenye viti vya mawe kulia na kushoto. Mgeni asiye wa karibu huishia hapo. Ukivuka mlango unaingia tekani, kisha kiwanda, yaani uwanja wa ndani ulio wazi juu. Boriti za mikoko hazikuruhusu chumba kuwa kipana, aghalabu mita 3 au pungufu, hivyo kiwanda ndicho kilichoipa nyumba nafasi na mwanga. Hewa ya moto ilipanda juu na kutoka, na ile iliyopoa ikaingia vyumbani.

Kule Mji Mkongwe wa Unguja, baraza za mawe zimejengwa mbele ya nyumba, zikiambatana na ukuta. Jioni za kaskazi ni mahali pa kubarizi na kunywa kahawa. Masika yakizidi na vichochoro vikijaa maji, baraza hizo hizo hugeuka njia ya kupita bila kulowa. Hicho ndicho kitu cha kutumika mwaka mzima!

Nayo nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ile ya Kariakoo ya zamani, Ilala na Magomeni, ilifuata akili hiyo hiyo kwa gharama ya mtu wa kawaida. Mbele baraza chini ya upenu. Katikati ukumbi unaopitisha upepo moja kwa moja. Nyuma ua wenye jiko, choo, kamba ya nguo na mti wa kivuli. Wapangaji walikuwa na chumba kimoja kimoja, lakini maisha yao yalikuwa uani. Hapo walipika, walisukana nywele, walilea watoto na kusuluhisha ugomvi.

Tusipambe mno, ndugu msikilizaji. Nyumba nyingi za mawe zilijengwa na kutunzwa kwa jasho la watumwa. Baraza ya mbele ilikuwa ya wanaume, na mwanamke alibaki uani apende asipende. Hayo hatuyataki yarudi. Lakini mtu hatupi jembe kwa sababu aliyekuwa nalo alikuwa mkatili.

Tena angalieni lugha yetu yenyewe. Kiti kile cha mawe ndicho kilichotoa jina la Baraza la Mawaziri. Gazeti la Kiswahili lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939 liliitwa Baraza. Chombo kilichoundwa mwaka 1967 kukisimamia Kiswahili nchini Tanzania ni Baraza pia. Mahali pa kukaa nje palikuwa ndipo mahali pa kushauriana. Leo tunajenga ukuta kwa kuogopa wezi, na siwalaumu wenye hofu hiyo. Lakini ukuta humzuia mwizi na pia humzuia jirani ambaye angemwona mwizi.

Basi wewe unayekusanya matofali, fanya hesabu ya wazee kabla fundi hajachimba msingi. Katika pwani yetu, kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, na kusi huvuma zaidi kutoka kusini mashariki. Maana yake, baraza ikiwekwa upande wa mashariki hupata pepo zote mbili, na alasiri nyumba yenyewe huipa kivuli. Upenu uwe mpana, watu wakae hata mvua ya vuli ikinyesha. Sakafu iinuliwe kuliko uwanja ili maji yasiingie. Acha udongo mahali, panda mwarobaini au mwembe, kwani jani hupoza na saruji huchoma. Kiti cha saruji kando ya ukuta hakiozi wala hakiibiwi. Na kama huna budi kuzungusha ukuta, basi nje ya geti weka benchi moja la kujengea, hata la watu wanne tu.

Vyumba vitano vya jamaa yangu vilikuwa na vitanda vitano, na siku ile havikumfaa kitu. Waliomfariji walikaa barabarani. Mwacha asili ni mtumwa, na siku ya msiba haipigi hodi.