4x4 Ilijengewa Matope. Kwenye Lami, Nani Analipa?

Wasee, leo tuongee ukweli kuhusu 4x4. Kila wikendi kuna mbogi inachanga pesa ya mafuta iende Naivasha, Nanyuki ama Mombasa, na kila wikendi kuna mtu anauliza kwa hasira mbona tanki inakaribia kuisha na hata hamjafika Mtito Andei. Majibu huwa ni yale yale. Injini ni kubwa. Dereva ana mguu mzito. Petroli imechanganywa na mafuta taa. Sawa, inaweza kuwa hivyo. Lakini jibu la kwanza liko kwenye historia, na hiyo historia ina zaidi ya miaka 80.

Hoja yangu ni moja. Hii gari ilizaliwa mikononi mwa watu ambao hawakuwa wanalipa mafuta ya barabara kuu. Kila mara kiu yake ilipopungua, ni kwa sababu kuna mtu aliyekuwa akilipa kutoka mfukoni mwake na akachoka. Na kila mara bili ilipohamia kwa mtu mwingine, kiu ilirudi.

Tuanze 1940. Jeshi la Marekani lilitaka gari ndogo, nyepesi, ya kupita mahali pasipo na barabara. Kampuni ndogo inaitwa Bantam, ya mji wa Butler, Pennsylvania, ikapeleka gari ya kwanza ya majaribio Septemba mwaka huo. Baadaye Willys na Ford ndio walizitengeneza kwa malaki. Hiyo ndiyo Jeep, na 4x4 nyingi unazoziona leo zimefuata njia yake.

Willys MB ilikuwa na injini ya lita 2.2, nguvu za farasi 60, na gea tatu tu. Sasa cheki difu yake: 4.88. Maana yake ni kwamba tairi ikizunguka mara moja, propela inazunguka karibu mara tano. Kwenye matope hiyo ni dhahabu, kwa sababu gari inavuta kwa nguvu ikitembea polepole. Kwenye lami ni hasara. Ukiwa kilomita 80 kwa saa, tayari injini inapiga raundi karibu 2,900 kwa dakika, na hakuna gea ya juu ya kuipumzisha. Ongeza kioo cha mbele kilichosimama wima kama mlango wa nyumba, kinapigana na upepo njia nzima. Jeshi halikujali. Kazi ya ile gari ilikuwa kufika, na mafuta yalilipwa na serikali.

Vita vikaisha 1945, na Jeep za jeshi zikaanza kuuzwa kwa raia. Willys nao wakatoa ya raia, CJ-2A, lakini waliiuza kama ndugu ya trekta, gari ya kulima na kuvuta. Difu ikapandishwa hadi 5.38. Shambani, safi. Barabarani, mbaya kuliko hata ile ya jeshi.

Hapa ndipo anaingia mtu wa kwanza anayelipa mwenyewe: mkulima. Asubuhi yuko shambani, mchana anaendesha kilomita kadhaa za lami kwenda mjini. Akiwa lami anaweka lever kwenye magurudumu mawili, akidhani sehemu ya mbele imepumzika. Haijapumzika. Magurudumu ya mbele yanaendelea kuzungusha ekseli, difu na propela ya mbele bure kabisa. Mwaka wa 1948, kule Seattle, Arthur Warn alianzisha kampuni ya kutengeneza habu ambazo unaweza kuzifungua. Ukizifungua, tairi inazunguka peke yake na vyuma vya ndani vinatulia. Mafuta unayookoa hapo si mengi, tusidanganyane, lakini kelele inapungua na vyuma vinadumu. Jina Warn bado utaliona leo kwenye winchi za magari ya msituni. Ilianza na mtu wa kawaida aliyetaka gari ya vita iweze kwenda sokoni.

Mwaka huo huo, Uingereza. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na shamba kisiwa cha Anglesey, na alikuwa anatumia Jeep iliyobaki baada ya vita. Akaona wanaweza kutengeneza yao. Land Rover ikaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, injini ya lita 1.6, bodi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa haba. Kufika 1957 ikaja ya dizeli, na wenye kulipa wakaipenda, kwa sababu lita moja ya dizeli iliwapeleka mbali zaidi.

Huku kwetu Land Rover iliingia kupitia mlango mwingine. Ilikuwa gari ya ofisa wa wilaya, ya polisi, ya misheni, ya mbuga za wanyama. Baadaye zikawa zinaunganishwa hapa hapa Thika. Nyingi kati ya hizo zilikuwa za ofisi, si za mtu. Kwa hivyo picha tuliyokua nayo ya 4x4 ni ya gari ambayo aliyeketi ndani haulizi bei ya mafuta. Hiyo picha bado inatutesa.

Turuke hadi 1970. Range Rover inatoka, V8 ya lita 3.5, magurudumu yote manne yakivutwa wakati wote. Ilikuwa tamu lami na tamu matopeni, na ilikuwa inakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1973, vita vikazuka Mashariki ya Kati na nchi za Kiarabu zikakata mafuta kwa Marekani na baadhi ya marafiki wake. Pipa lililokuwa karibu dola 3 likakaribia dola 12 kufika Januari 1974.

Sasa angalia serikali tajiri zilifanya nini. Hazikungoja teknolojia mpya. Zilishika spidi. Ujerumani Magharibi, nchi ya barabara zisizo na kikomo, iliweka kilomita 100 kwa saa kutoka Novemba 1973 hadi Machi 1974. Uingereza ikaweka maili 50 kwa saa, yaani 80 zetu. Tarehe 2 Januari 1974 Rais Nixon akatia sahihi sheria ya maili 55 kwa saa, karibu kilomita 89. Wamarekani waliichukia sana, na ilifutwa kabisa 1995.

Mbona spidi? Kwa sababu nguvu ya upepo unaokusukuma nyuma haipandi sawa na spidi, inapanda kwa spidi mara spidi. Ukitoka 90 uende 120, umeongeza spidi kwa theluthi moja tu, lakini upepo unakupinga kwa karibu asilimia 78 zaidi. Gari ndogo yenye pua ya samaki inavumilia. Gari yenye umbo la kabati haivumilii. Mercedes G-Wagen, iliyotoka 1979, ilikuwa na kipimo cha kukatiza upepo cha karibu 0.54. Saluni nyingi za siku hizi ziko karibu na 0.30 ama chini, na kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo gari inavyopenya. Hiyo ndiyo sababu jamaa wa Mazda Demio anakupita akiwa na tabasamu, na tanki yake bado imejaa.

Miaka hiyo ya sabini ndipo wenye Land Rover wakaanza kufungiwa ovadraivu ya Fairey, gea ya ziada inayopunguza raundi za injini kwa takriban moja ya tano ukiwa kwenye barabara kuu. Ni kama kumpa mtu wa gea nne pumzi ya tano. Mwaka wa 1984 Jeep wakatoa Cherokee mpya isiyo na fremu nzito chini, bodi yenyewe ndiyo inabeba kila kitu, na ikawa nyepesi kuliko ile ya zamani kwa zaidi ya kilo 400. Wateja walikuwa wameumia, na kiwanda kilisikia.

Halafu ujanja ukaingia. Mwaka wa 1975 Marekani ilipitisha sheria ya kulazimisha viwanda kupunguza kiu ya magari, lakini 4x4 zikahesabiwa pamoja na pikapu na kuwekewa mtihani rahisi. Kutoka 1996 hadi 2004, wastani wa saluni ulitakiwa kuwa maili 27.5 kwa galoni, karibu kilomita 11.7 kwa lita. Kundi la 4x4 lilitakiwa kufikisha 20.7, yaani kama kilomita 8.8 kwa lita. Mafuta yalikuwa yameshuka bei, kwa hivyo viwanda vikauzia familia za mjini magari ya porini, makubwa kila mwaka. Kiu ikarudi, sasa kwa heshima.

Sisi pia tulikuwa na jaribio letu. Kwenye bajeti ya Juni 2009, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza kwamba mawaziri na maofisa waachane na magari makubwa, wabaki na injini isiyozidi cc 1,800. Volkswagen Passat zikanunuliwa. Baadhi ya wakubwa walivuta miguu sana kurudisha zile 4x4. Leo cheki msafara wowote wa mkubwa ukipita Waiyaki Way, uniambie umehesabu Passat ngapi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na adhabu ya petroli inajulikana na anayelipa pampu kwa simu yake.

Kwa sababu sisi tunalipa. Kenya haisafishi tena mafuta yake, kile kiwanda cha Changamwe kiliacha kazi hiyo 2013, kwa hivyo tunanunua yaliyosafishwa nje. Julai 2023 VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16. Oktoba mwaka huo lita ya petroli Nairobi ilifika shilingi 217.36. Walioamua hayo wengi wao wanabebwa. Wewe na mbogi yako ndio mnasubiri tangazo la EPRA tarehe 14 kama matokeo ya mtihani.

Kwa hivyo naudhika nikiona vijana wa rika langu wakinunua Prado mtumba, halafu kabla hata ya bima wanaiinua, wanaweka tairi za matope, keria juu, jerikeni mbili tupu na taa sita. Inapendeza kwa picha, sikatai. Lakini umelipa pesa kurudisha gari 1945. Ile kazi yote ya Warn, ya Fairey, ya wahandisi wa Cherokee, umeifuta kwa wiki moja kwa fundi.

Historia imeshatuonyesha pesa ilipo, na mpangilio wake ni huu. Kwanza spidi. Sheria inakuruhusu 110, lakini kati ya 110 na 90 kuna mafuta mengi yanapotea kwenye upepo. Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480. Tuseme gari yako inafanya 7 kwa lita ukikimbia na 9 ukitulia. Hizo ni lita 15 hivi za tofauti. Kwa lita ya shilingi 180, ni zaidi ya 2,700, kwenda tu. Na kurudi unapanda kutoka baharini hadi mita 1,700 hivi, kwa hivyo mguu mzito unauma zaidi. Muda je? Kwa hesabu ni kama saa moja, lakini kwenye ile foleni ya malori unajua huwezi kushika 110 njia nzima. Unakanyaga, unapita, unashika breki, unakanyaga tena. Hapo ndipo tanki inaishia.

Pili, keria. Kama haibebi kitu, itoe. Tatu, tairi. Ukitoka mchangani ama matopeni mahali ulipunguza upepo, ujaze kabla ya lami, kwa sababu tairi laini inakula mafuta na inaweza kupasuka. Na ukiweka tairi kubwa kuliko za kiwanda, jua kwamba dashibodi inahesabu kilomita chache kuliko ulizotembea, kwa hivyo hesabu yako ya lita ni ya uongo. Nne, kama 4x4 yako ni ya kuchagua kwa lever, irudishe magurudumu mawili ukiwa kwenye lami kavu, na kama ina habu za kufungua kwa mkono, shuka uzifungue. Uzito wa mizigo utausikia zaidi kwenye milima, kwa hivyo acha ile winchi ya rafiki nyumbani kama mnaenda tu kula samaki.

Hakuna hata moja hapo inayohitaji dawa ya kumwaga kwenye tanki ama kifaa cha sumaku unachouziwa mtandaoni kwa thao tatu. Hizo pesa weka kwa mchango wa mafuta. Na safari ijayo, kabla mtu hajasema "kanyaga bana", muulize ametuma ngapi.