Pikipiki Yenye Jina la Afrika
Kila tetesi za toleo jipya la Honda Africa Twin zikivuma, nami huku Arusha natega sikio. Ilitoka mwaka 1988 na injini ya cc 650, Honda ikiwa inatamba kwenye mbio za Paris–Dakar. Mwaka 1990 ikawa 750. Ikasitishwa 2003, ikarudi 2016 na 1000, halafu 1100 mwaka 2020. Yaani kila ikisubiriwa, inakuja na injini kubwa zaidi.

Sasa njoo miteremko ya Meru wakati wa masika. Inayopanda tope la Nkoaranga na mikungu ya ndizi ni toyo, bodaboda ya cc 125 au 150. Maboresho yake hayatangazwi popote. Fundi wa kuchomelea anaongeza keria, basi. Toleo ninalolisubiri mimi ni jepesi, lenye jina la Afrika na bei ya mtu wa huku.