Alama za GRE katika udahili wa shahada za sayansi

Alama za GRE ni matokeo ya mtihani unaotumiwa na vyuo vikuu vya Marekani, na baadhi ya vyuo vya nchi nyingine, katika kuchagua wanafunzi wa shahada ya uzamili na ya uzamivu. GRE ni ufupisho wa jina la Kiingereza Graduate Record Examinations. Mtihani hutolewa na shirika la ETS.

Mtihani huu hautoi alama moja ya jumla, bali kila sehemu ina alama yake. Kwa hiyo mtahiniwa anaweza kupata alama za juu katika sehemu moja na za chini katika nyingine. Hali hiyo huwapata waombaji wengi wa masomo ya sayansi, hasa wale ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Uzito wake katika udahili hutegemea idara inayoombwa.

Historia

Mtihani ulianzishwa mwaka 1936 na taasisi ya Carnegie inayoshughulikia maendeleo ya ualimu, pamoja na vyuo vikuu vya Harvard, Yale, Princeton na Columbia. Mwaka 1948 uliwekwa chini ya ETS. Kwa miaka mingi alama za lugha na za hesabu zilihesabiwa kuanzia 200 hadi 800. Tangu Agosti 2011 zinahesabiwa kuanzia 130 hadi 170. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, watahiniwa waliruhusiwa kuufanya nyumbani kwa kompyuta. Septemba 2023 mtihani ulifupishwa kutoka karibu saa 3 na dakika 45 hadi chini ya saa 2.

Muundo

Mtihani wa jumla una sehemu tatu:
* Lugha: maswali 27 kwa dakika 41, alama 130 hadi 170.
* Hesabu: maswali 27 kwa dakika 47, alama 130 hadi 170.
* Uandishi: insha moja kwa dakika 30, alama 0 hadi 6 kwa hatua za nusu.

Lugha na hesabu zimegawanywa kila moja katika vipande viwili. Ugumu wa kipande cha pili hutegemea jinsi mtahiniwa alivyojibu cha kwanza. Maswali ya hesabu hayavuki kiwango cha sekondari: ni hesabu za kawaida, aljebra, jiometri na takwimu za msingi. Sehemu ya lugha hupima msamiati wa vitabuni na uwezo wa kufuata hoja. Mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza anaweza kuwa na Kiingereza kinachomtosha darasani na maabarani, lakini bado akakutana humo na maneno asiyowahi kuyahitaji.

Ipo pia mitihani ya somo moja moja. Iliyobaki ni ya fizikia, hisabati na saikolojia. Ule wa biolojia ulifutwa mwaka 2021 na ule wa kemia mwaka 2023.

Kusoma alama zisizolingana

Pamoja na kila alama hutolewa nafasi ya asilimia, yaani sehemu ya watahiniwa waliopata chini ya alama hiyo. Alama ileile haina nafasi ileile katika sehemu zote mbili. Katika takwimu za miaka ya karibuni, alama 160 ya lugha iko juu ya zile za zaidi ya asilimia 80 ya watahiniwa, lakini 160 ya hesabu haifiki asilimia 70. Sababu ni kwamba watahiniwa wengi wanatoka fani za uhandisi na sayansi, hivyo hujazana katika alama za juu za hesabu. Mwenye 160 katika sehemu zote mbili, kwa hiyo, hana matokeo yanayolingana.

ETS yenyewe huelekeza kwamba alama tatu zitazamwe kama vipimo vitatu tofauti, zisijumlishwe, na kwamba mwombaji asikataliwe kwa sababu tu hakufikia alama fulani ya GRE.

Kwa kawaida idara za fizikia, takwimu na uhandisi hutazama hesabu kwanza. Alama ndogo ya lugha husomwa pamoja na matokeo ya TOEFL au IELTS, barua za wadhamini na maandishi ya mwombaji. Alama ndogo ya hesabu ni nzito zaidi katika fani hizo, ingawa matokeo mazuri ya chuo katika kalkulasi, aljebra mstari au takwimu huweza kuipunguzia uzito.

Mjadala

Mwaka 2001 Nathan Kuncel na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti nyingi wakaona kwamba GRE inasaidia kubashiri alama za darasani katika masomo ya uzamili. Mwaka 2014 Casey Miller na Keivan Stassun waliandika katika jarida la Nature kwamba matumizi mabaya ya alama hizo huwazuia wanawake na watu wa makundi madogo kuingia katika sayansi. Mwishoni mwa mwaka 2015 rais wa chama cha wanaastronomia wa Marekani, Meg Urry, aliwahimiza wakuu wa idara wafikirie upya matumizi ya mtihani huo. Tafiti mbili za mwaka 2017 kuhusu wanafunzi wa sayansi za tiba, moja ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt na nyingine ya North Carolina, hazikuona kwamba alama zilionyesha nani angefanikiwa katika utafiti.

Watetezi wa mtihani hujibu kwamba tafiti za namna hiyo huwahusu waliodahiliwa tu. Waliokataliwa kwa alama ndogo hawamo, na hivyo uhusiano huonekana hafifu kuliko ulivyo. Hata hivyo idara nyingi za sayansi zimeacha kuudai, hasa tangu mwaka 2020.

Kutuma alama

Sera hutofautiana hata ndani ya chuo kimoja: idara moja huudai mtihani, nyingine humwachia mwombaji hiari, nyingine haipokei alama kabisa. Penye hiari, mwombaji anaweza kuacha kuzituma.

Alama hudumu miaka 5. Mtihani unaweza kurudiwa baada ya siku 21, mara 5 kwa kipindi cha miezi 12. Mtahiniwa huchagua matokeo ya siku ipi yatumwe, lakini matokeo ya siku moja hutumwa yote. Hawezi kutuma hesabu peke yake na kuficha lugha.

Mwaka 2024 ada ilikuwa dola 220 za Marekani katika nchi nyingi, kiasi kikubwa kwa wahitimu wengi wa Afrika Mashariki, na kila kurudia hulipiwa upya. Ofisi za EducationUSA katika balozi za Marekani, zikiwemo za Nairobi na Dar es Salaam, hutoa ushauri kuhusu maombi.