Siku ya Mtihani na Thamani ya Alama: Historia ya Upimaji wa Wanafunzi Unguja

Kijiji cha Bwejuu, kilichoko pwani ya kusini-mashariki ya Unguja, kaskazini ya Paje, kimeishi kwa muda mrefu kwa kufuata kalenda mbili. Ya kwanza ni ya maji: wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo bahari hujaa sana kisha hutoka mbali, watu huteremka pwani kutafuta pweza na chaza, kufukua makumbi yaliyofukiwa kwa ajili ya usumba, na tangu kilimo cha mwani kilipoanza pwani hiyo mwaka 1989, kufunga na kuvuna mwani, kazi ambayo hasa ni ya wanawake. Ya pili ni ya dini, yenye Ramadhani, sikukuu na sala ya Ijumaa. Kalenda ya tatu, ile ya mitihani, ilikuja baadaye na haikupangwa kijijini wala, kwa miongo mingi, kisiwani. Historia yake ni historia ya maswali matatu ambayo kila mtihani wa watu wengi hulazimika kuyajibu: nani apange siku, nani asahihishe, na alama iliyopatikana iwe na maana gani.

Kabla ya skuli za serikali, upimaji wa elimu Unguja ulifanyika chuoni, yaani mahali mtoto alipofundishwa Kurani, na haukuwa na ratiba. Mtoto alisoma mbele ya mwalimu wake, akasahihishwa papo hapo, na akavuka sura moja kwenda nyingine pale mwalimu aliporidhika, hata akafikia kuhitimu juzuu zote 30. Katika daraja za juu, wanavyuoni wa Mji Mkongwe kama Sayyid Ahmad bin Sumeyt na Sheikh Abdalla Bakathir, ambaye darasa zake za Ukutani zilivuta wanafunzi kutoka sehemu mbalimbali za pwani, waliendeleza utaratibu wa ijaza, ambayo ni idhini anayoitoa mwalimu kwa mwanafunzi aliyesoma kitabu fulani kwake ili naye apate kukisomesha. Utaratibu huo ulikuwa na sifa tatu zilizoshikamana: siku ya kupimwa ilifuata ukomavu wa mwanafunzi mmoja mmoja, mtahini alikuwa mtu yuleyule aliyefundisha, na hapakuwa na madaraja katikati, kwa kuwa mtu ama alikuwa amehitimu ama alikuwa bado. Ulimpa mwanafunzi haki ambayo mitihani ya baadaye haikuweza kumpa, ile ya kutopimwa kabla ya wakati wake. Lakini haukuweza kuwalinganisha wanafunzi mia waliofundishwa na walimu tofauti, na serikali iliyotaka makarani na walimu ilihitaji ulinganisho wa namna hiyo.

Skuli za serikali zilianza mwanzoni mwa karne ya 20, na idara ya elimu ikajengwa chini ya S. Rivers-Smith. Wazazi wengi wa mashamba, neno ambalo Unguja humaanisha sehemu zote zilizo nje ya mji, hawakuwa na haraka ya kuwapeleka watoto wao, kwa kuwa waliona skuli inashindana na chuo kwa saa za mtoto; ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1930 na mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali iliona ni lazima ufundishaji wa Kurani uingizwe ndani ya skuli zenyewe. Uamuzi huo unastahili kukumbukwa katika historia ya ratiba, kwa sababu ulikuwa kukiri kwamba kalenda ya masomo isiyozingatia kalenda ya watu hubaki bila wanafunzi.

Katika mtihani wa mwisho, hata hivyo, ridhaa ya namna hiyo haikuwapo. Elimu ya sekondari ya serikali ilipoanza katikati ya miaka ya 1930, katika skuli iliyokuja kuitwa King George VI na ambayo baada ya Mapinduzi iliitwa Lumumba, kipimo cha juu kilikuwa Cheti cha Skuli cha Cambridge. Maswali yalitoka Uingereza yakiwa yamefungwa, yakafunguliwa kwa siku na saa zilizoamriwa huko, na vitabu vya majibu vikarudishwa huko kusahihishwa na watu ambao mtahiniwa hakuwajua nao hawakumjua. Kila somo lilipewa daraja kuanzia 1 hadi 9, ambapo 1 ilikuwa bora kuliko zote na 9 ilikuwa kushindwa, kisha madaraja hayo yakajumlishwa ili kumweka mtahiniwa katika divisheni, yaani kundi la ufaulu. Faida yake haikuwa ndogo, kwa kuwa msahihishaji wa mbali hakuweza kumpendelea mtoto wa mkubwa wala kumwonea mtoto wa mvuvi. Hasara yake ilikuwa kwamba hakuna mwalimu wa Unguja aliyeweza kueleza kwa uhakika kwa nini mwanafunzi wake amepewa daraja alilopewa.

Elimu ya chuo kikuu ilifuata njia hiyohiyo, lakini kwa ushirikiano zaidi. Wanafunzi wa Zanzibar waliofika ngazi hiyo walikwenda Makerere, chuo ambacho kuanzia mwaka 1949 kilikuwa na uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London: wahadhiri wa Makerere walitunga maswali yaliyokubaliana na mazingira yao, London ikayapitia, majibu yakasahihishwa kwa kushirikiana na watahini wake, na shahada ikatolewa kwa jina la London. Mwaka 1963 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiliviunganisha vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na kilipovunjwa mwaka 1970 kila nchi ilibaki na chuo kikuu chake. Kilichosalia kutokana na enzi hiyo ni mtahini wa nje, yaani mwanachuoni wa chuo kingine anayealikwa kupitia maswali na majibu yaliyokwisha kusahihishwa, ili mhadhiri asiwe hakimu pekee wa kazi yake mwenyewe.

Mapinduzi ya Januari 1964 na tangazo la elimu bila malipo la Septemba mwaka huo yalibadilisha idadi ya watahiniwa, na idadi ilipobadilika mtihani wenyewe ulibadilika. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1967, lilianza kupokea kazi kutoka Cambridge. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na Sheria Namba 21 ya mwaka 1973 ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo shughuli zake, sawa na elimu ya juu, ni miongoni mwa mambo ya Muungano yaliyotajwa katika Katiba. Novemba 1974 Azimio la Musoma lilihoji desturi ya kumhukumu mwanafunzi kwa mtihani mmoja wa mwisho, likataka kazi zake za kila siku nazo zihesabiwe. Hoja hiyo ilirejesha, kwa sura nyingine, sehemu ya hekima ya chuo cha Kurani: kwamba anayemwona mwanafunzi mwaka mzima anajua jambo ambalo karatasi ya saa tatu haiwezi kulionyesha.

Vyuo vikuu vilifika Unguja kuanzia mwaka 1998, kwa kuanzishwa Chuo Kikuu cha Zanzibar huko Tunguu na chuo cha ualimu cha Chukwani. Mwaka uliofuata Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, maarufu kwa jina la SUZA, kilichoanza kusomesha mwaka 2001. Kwa mara ya kwanza kijana wa Bwejuu aliweza kufanya mtihani wa shahada pasipo kuvuka bahari, na kwa mara ya kwanza siku ya mtihani huo ilipangwa kisiwani.

Kupanga siku ni kazi ngumu zaidi pale somo linapochukuliwa na wanafunzi wa fani nyingi, kama Stadi za Maendeleo, ambazo katika vyuo vikuu vya Tanzania zimekuwa somo la lazima hata kwa wasiosomea siasa wala uchumi. Mtihani wa somo kama hilo lazima ufanyike kwa wote saa ileile, la sivyo waliotangulia wangewapa habari wanaofuata; kwa hiyo hupangiwa nafasi kabla ya masomo madogo, kumbi kadhaa hutumika kwa pamoja, na hukaguliwa kwamba hakuna mwanafunzi mwenye mitihani miwili kwa wakati mmoja. Unguja huongeza sharti jingine: Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida, na siku ya Idi hutegemea kuonekana kwa mwezi, kiasi kwamba mpangaji makini hana budi kuacha siku za akiba.

Baada ya siku huja thamani ya alama. Katika mpango uliotumika kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kazi za muhula zilibeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60. Jumla ya 70 na zaidi ikawa A, 60 hadi 69 ikawa B+, 50 hadi 59 B, na 40 hadi 49 C, ambayo ndiyo alama ya chini ya kufaulu. Herufi hizo hugeuzwa kuwa pointi, A ikiwa 5 na C ikiwa 2, zikazidishwa kwa uzito wa kila somo na kugawanywa ili kupata wastani unaojulikana kama GPA, ambao ukifikia 4.4 humpa mhitimu daraja la kwanza. Aliyeshindwa somo hupewa mtihani wa marudio, na anayeshindwa kupita kiasi huondolewa chuoni, jambo ambalo wanafunzi huliita kudisko. Pale ambapo alama 69 na alama 70 hutenganishwa na pointi nzima, usahihishaji wa mamia ya majibu kwa mikono mingi huwa suala la haki. Katika mitihani ya kitaifa njia iliyozoeleka ni kila msahihishaji kushika swali moja na kulisahihisha katika vitabu vyote vinavyopita mbele yake, akifuata mwongozo uliokubaliwa kabla.

Uzito wa jambo hili ulionekana nchi nzima, Zanzibar ikiwamo, Februari 2013, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 yalipotangazwa na zaidi ya watahiniwa 240,000, yaani zaidi ya asilimia 60, wakawa wamepata divisheni sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya uenyekiti wa Profesa Sifuni Mchome, na mwezi Mei serikali ikaagiza matokeo yapangwe upya, kwa kuwa ilibainika kwamba mipaka isiyobadilika ya madaraja ilikuwa imetumika mahali pa utaratibu wa zamani, ambao ulisawazisha alama kwa kuzingatia hali ya mtihani wa mwaka husika. Udhaifu wa ufundishaji ulikuwapo kweli na haukuondolewa na hesabu mpya. Lakini ilidhihirika kwamba majibu yaleyale, yaliyosahihishwa na watu walewale, yaliweza kumfanya kijana kuwa amefaulu au ameshindwa kutegemea kanuni iliyochaguliwa. Matokeo ya mwaka 2014 yalipotolewa kwa GPA, ambayo wingi wake ni ubora, mahali pa divisheni, ambayo pointi chache ndizo bora, wazazi walilazimika kujifunza kipimo kipya, na muda mfupi baadaye divisheni zikarudishwa.

Mwendo huu wa zaidi ya karne moja unaonyesha kwamba kuhamisha mtihani kutoka Cambridge hadi Dar es Salaam, na kutoka Dar es Salaam hadi Tunguu, kulikuwa hatua ya lazima lakini si mwisho wa kazi. Mwanafunzi wa chuo cha Kurani hakupimwa kabla hajawa tayari, na alijua tangu siku ya kwanza ni nini kingehesabiwa kuwa kuhitimu. Darasa kubwa haliwezi kumrudishia haki ya kwanza. Haki ya pili linaweza, na linawiwa. Chuo kinachotangaza ratiba yake na mizani ya madaraja yake kabla ya somo kuanza, kisha kikajizuia kuvibadilisha baada ya majibu kuandikwa, kinampa mwanafunzi wa Bwejuu kitu ambacho watangulizi wake waliofanya mitihani ya ng'ambo hawakukipata: uwezo wa kukagua hukumu aliyopewa, na kuikatia rufaa akiwa na hoja mkononi.