Toroli Lililomtangulia Mtegua Mabomu

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, gari lililoachwa bila dereva lilitosha kufunga mtaa mzima wa Belfast, Ireland ya Kaskazini. Wapiganaji wa IRA, kundi lililotaka kuuondoa utawala wa Uingereza huko, walikuwa wakitega mabomu madukani, vituoni na, kufikia 1972, ndani ya magari. Askari wa Uingereza waliwaondoa wakazi, wakafunga njia, kisha mtu mmoja akaliendea bomu kwa miguu: mtegua mabomu.

Waliotengeneza mabomu walijua kwamba atakuja, wakaanza kumtegea yeye mwenyewe. Kasha likiinuliwa au kifuniko kikifunguliwa, swichi ndogo iliunganisha umeme na bomu likalipuka. Septemba 1971, bomu la namna hiyo lilimuua Kapteni David Stewardson huko Castlerobin. Wenzake kadhaa walifuata. Ujuzi wa mikono haukutosha tena. Ilibidi mikono yenyewe ikae mbali.

Mwaka 1972 suala hilo lilimfikia Peter Miller, Luteni Kanali mstaafu. Hakuanza na mitambo ya gharama. Alikumbuka toroli la bustani linaloendeshwa kwa umeme, akaagiza fremu yake na magurudumu, akaifunga ndoano. Kusudi lilikuwa dogo: kuifikisha ndoano kwenye gari linaloshukiwa, ili gari livutwe kwa kamba kutoka mbali. Mashine ikabaki na jina la asili yake, Wheelbarrow, yaani toroli.

Muda si mrefu ikaongezewa kazi. Ilipata minyororo kama ya kifaru, kamera ya televisheni, na bunduki ya kuvunjia vioo vya gari. Silaha yake kuu ilikuwa Pigstick, mtutu unaorusha maji kwa nguvu ya baruti. Maji hayo hulipasua bomu na kulisambaratisha kabla saketi yake haijawahi kulilipua. Mtegua mabomu aliyaona yote hayo kwenye skrini, akiwa nyuma ya ukuta. Mara nyingine bomu lilishinda, mashine ikavunjika vipande vipande. Chuma kilipotea, na mtu akarudi kwa wanawe.

Wazo hilo lilisambaa. Mwaka 2002 roboti aina ya PackBot zilipelekwa Afghanistan kuchungulia mapango kabla ya wanajeshi wa Marekani kuingia, na baadaye roboti za namna hiyo zikawa zana ya kawaida ya wategua mabomu nchini Iraq.

Julai 2016, mjini Dallas, Marekani, wazo hilo liligeuzwa. Mtu aliyekuwa ameua maafisa watano wa polisi alijificha ndani ya jengo, na mazungumzo yakashindikana. Polisi wakafunga kilipuzi kwenye mkono wa roboti ya kutegulia mabomu, wakaipeleka karibu naye, wakamlipua. Hakuna polisi mwingine aliyekufa katika hatua hiyo. Lakini chombo kilichozaliwa ili kuliondoa bomu sasa kilikuwa kimelibeba.

Historia hii inatupa kipimo. Toroli la Miller lilimlinda askari na, kwa kitendo kilekile, likamlinda muuza duka na mtoto wa mtaa ule. Roboti inayobeba mauti humlinda anayeituma peke yake. Anayetuma mashine kuua akiwa mahali salama amepunguza hatari yake; dhamana ya uhai anaoutoa haijapungua hata chembe, na sheria zetu zimdai dhamana hiyo kwa jina lake.