Kazi za Watu wa Mji wa Tanga

Mtu akitaka kuujua mji, na aulize watu wake hula nini, na chakula hicho hutoka katika kazi gani. Katika mwaka huu wa jubilei tumeona vema kuandika kwa ufupi habari za kazi za watu wa Tanga, maana habari za majengo na za wakubwa zimekwisha kuandikwa mara nyingi, bali habari za mikono iliyoyajenga majengo hayo ni chache. Nasi twasema neno moja tangu mwanzo: kazi ya mshahara ndiyo iliyoujenga mji huu, lakini siyo iliyoulisha peke yake. Kazi za Tanga zimekuwa za namna mbili siku zote, moja iliyoandikwa katika vitabu vya matajiri na vya Serikali, na moja isiyoandikwa popote. Asomaye kitabu cha kwanza tu hawezi kuelewa kwa nini mji huu haukufa siku mkonge ulipoanguka.

Kabla ya Wadachi, Tanga ulikuwa mji wa pwani wenye wavuvi, wakulima, mabaharia na wafanya biashara. Wadigo, Wasegeju na Wabondei walileta mazao yao, na misafara ya pembe za ndovu ilishuka kutoka bara. Ujira ulijulikana, maana wapagazi walilipwa kwa safari zao. Lakini mtu hakuitwa kwa jina la tajiri wake, wala hapakuwa na aliyedhani kwamba asiye na tajiri hana kazi.

Mwaka wa 1893 yalitokea mambo mawili yaliyogeuza hali hiyo. La kwanza, Wadachi walianza kujenga reli kutoka Tanga kwenda bara. Ilifika Korogwe mwaka wa 1902, ikafika Moshi kabla ya vita ya 1914, na Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka wa 1929. La pili, mtaalamu wa kilimo aliyeitwa Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, katika nchi ya Marekani. Miche mingi ilikufa njiani, na ile iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Katika miche hiyo 62 likatoka zao lililoenea katika bonde la Pangani na kando ya reli yote. Tanga ukawa mlango wake.

Walakini shamba halilimwi na miche peke yake. Wenye mashamba walitaka watu, na watu wa nchi hawakuona sababu ya kuacha mahindi yao na mihogo yao kwenda kumlimia mgeni. Ndipo Serikali ilipotumia nguvu za namna kadha wa kadha. Kodi ya nyumba ilianza mwaka wa 1898, na mwenye kudaiwa fedha hana budi kuitafuta mahali zilipo. Kisha mwaka wa 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, kila mwanamume mwenye afya alipewa kadi iliyomlazimisha kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Tunaandika haya ili walimu wayaeleze kwa haki. Watoto wengi husikia kwamba wazee wao walikuwa wavivu, kumbe walikuwa na kazi zao wenyewe, ila hazikuwa kazi za mshahara.

Baadaye watu wa karibu hawakutosha, wakatafutwa wa mbali. Walikuja Waha na Warundi, Wabena na Wangoni, na Wamakonde kutoka Msumbiji. Mwaka wa 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kuwaandika na kuwasafirisha watu, ikaitwa SILABU. Mtu aliyeandikwa huko alipewa namba, na kwa sababu hiyo wakaitwa manamba, jina ambalo halijasahaulika hata leo. Kazi ya shamba ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30. Kila siku ya kazi iliyokwisha ilitiwa alama, na mshahara ulilipwa kipande kikijaa. Siku aliyougua mtu, au siku aliyoshindwa kumaliza kazi aliyopimiwa, haikutiwa alama. Kwa hiyo mwezi wa kipande ulikuwa mrefu kuliko mwezi wa mbinguni.

Kazi zenyewe zilikuwa nyingi. Wakataji waliingia katika mkonge alfajiri, wakakata majani yenye miiba mikali nchani na kuyafunga mafungu mafungu. Wengine waliyapakia katika magari ya reli ndogo ya shamba kuyapeleka korona, yaani mashine ya kusaga majani na kutoa nyuzi. Baada ya hapo nyuzi zilianikwa juani, zikapigwa brashi, zikafungwa marobota, na marobota yakaletwa Tanga kwa gari la moshi. Juu ya wote walikuwapo wanyapara na makarani. Kambi ya mkonge ilikuwa kama mji mdogo, ila mji usio na wazee na wenye wake wachache, maana mshahara ulipimwa kwa tumbo la mtu mmoja, wala si kwa nyumba nzima.

Hapa mjini marobota yalipokewa na watu wa bandari. Bandari ya Tanga haikuwa na kina cha kutosha karibu na pwani, kwa hiyo meli zilitia nanga mbali, na shehena ilichukuliwa kwa matishari. Makuli waliajiriwa kwa siku: meli ikija, kuna ujira, meli isipokuja, hakuna. Mwezi wa Agosti 1939 makuli hao waligoma. Mgomo huo haufai kusahauliwa katika habari za mji wetu, kwa sababu watu wasiojua kama kesho wataitwa kazini walithubutu kusimama pamoja.

Wa tatu walikuwa makarani. Wadachi walifungua shule ya Serikali hapa Tanga katika miaka ya mwanzo ya utawala wao, nayo ilitoa makarani, walimu na maakida. Shule za misheni zilitoa wengine. Mmoja wao ni Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani huko Unguja, akawa karani katika boma la Tanga. Mwaka wa 1922 alianzisha hapa chama cha Waafrika watumishi wa Serikali, cha kwanza cha namna yake katika Tanganyika, nacho kilikusanya Wakristo na Waislamu pamoja. Mwingine ni Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka wa 1909. Kila msomaji wa Kiswahili analijua jina lake, lakini wengi hawakumbuki kwamba alikula kwa ukarani. Aliingia kazi ya forodha mwaka wa 1926, akatumikia idara kadhaa za Serikali, na vitabu vyake aliviandika katika saa zilizobaki. Kazi iliyompa mshahara ilikuwa moja, na kazi iliyompa jina ilikuwa nyingine.

Sasa twende Ngamiani, katika zile barabara zenye namba, ambako watu wa kazi walilala. Nani aliwapikia makuli waliokuwa wakingoja meli? Nani aliuza samaki, maandazi, nazi na mihogo? Nani alisuka mikeka na makuti, akawatunza wagonjwa waliorudi kutoka kambini bila kipande kilichojaa? Waliofanya hayo wengi walikuwa wanawake, na majina yao hayamo katika vitabu vya SILABU wala vya bandari. Walakini bila wao mshahara ule mdogo usingetosha hata kidogo. Tajiri alilipa nusu ya gharama ya mfanya kazi wake, na nusu ya pili ililipwa na shamba la mkewe na jiko la jirani.

Baada ya Uhuru mkonge ulifika kilele chake. Mwaka wa 1964 nchi ilitoa yapata tani 230,000, nayo ilikuwa ya kwanza duniani, na waliokula kwa zao hilo walikuwa zaidi ya 100,000. Kisha likaja anguko. Kamba za nailoni na za plastiki ziliingia sokoni, bei ikashuka, na mwaka wa 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi yalichukuliwa na Serikali katika wakati ambao zao lenyewe lilikuwa limekwisha kudhoofika. Hata mwisho wa miaka ya 1990 mavuno ya mwaka yalikuwa yapata tani 20,000. Korona nyingi zilinyamaza, na kambi zikabaki na wazee wasio na nauli ya kurudi kwao.

Mji ulijaribu kujiegemeza penginepo. Katika miaka ya 1970 vilijengwa viwanda vya mbolea na vya chuma, na mwaka wa 1980 kiwanda cha saruji cha Pongwe kilianza kazi. Saruji ilidumu, lakini kiwanda cha mbolea kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na watu walioitwa wafanya kazi kwa miaka ishirini wakaitwa wasio na kazi kwa siku moja.

Sasa tutazame hesabu ya watu. Mwaka wa 1967 Tanga ulikuwa na watu 61,058. Mwaka wa 2022, baada ya anguko hilo lote, jiji lilikuwa na watu 393,429. Watu hawa wote walikula nini? Walikula kwa kazi ile ya pili. Walivua, wakauza maziwa ya ng'ombe wao, wakaleta machungwa ya Muheza sokoni, wakashona, wakachukua abiria na mizigo kwa baiskeli, ambazo Tanga husifiwa kwazo. Kazi iliyokuwa ikiibeba kazi ya mshahara kwa siri sasa iliubeba mji mchana kweupe.

Hatusemi kwamba hali hiyo ni njema. Mwenye kuuza samaki hana likizo wala pensheni, na akiugua mwezi mmoja mtaji wake huliwa. Wala hatuidharau kazi ya mshahara. Bandari imechimbwa na gati zake zikaimarishwa katika kazi iliyoanza mwaka wa 2019, ili meli zifunge gatini bila matishari. Na mwezi wa Agosti 2017 liliwekwa Chongoleani jiwe la msingi la bomba la mafuta lenye urefu wa kilometa 1,443 kutoka Uganda. Kazi hizi ni baraka kwa watakaozipata. Lakini mashine ichukuayo mizigo ya tishari huchukua pia ujira wa kuli, na ujenzi huajiri wengi kuliko wanaobaki ukiisha. Mji ulioegemea zao moja na ukaanguka nalo una haki ya kuuliza maswali hayo mapema.

Basi, ndugu walimu na viongozi wa parokia, tunawaachia ombi. Katika daftari zetu za shule na za kanisa pana mahali pa kuandika kazi ya mzazi. Mara nyingi tumeona pameandikwa "hana kazi," na mwenyewe ni mama aliyeamka saa kumi za usiku kwenda pwani kungoja ngalawa. Ulizeni mara ya pili, mkaandike analolifanya: anauza samaki, anasuka ukili, anafuga. Siku moja mtu atataka kuandika habari za kazi za Tanga kwa miaka hii yetu, naye atazitafuta katika daftari hizo.