Turufu na Karata za Taroti

Jioni, katika baraza za Lizaboni mjini Songea, wazee wanapocheza karata, mwenye turufu huibamiza mezani kwa kishindo na wenzake wakaguna. Neno hilo nimelisikia tangu utotoni, wala sikupata kulitafakari mpaka nilipoanza kukusanya karata za taroti zilizochorwa na wachoraji wa nchi na zama mbalimbali. Ndipo nilipotambua kwamba wazee wale walikuwa na jina la mkusanyo wangu vinywani mwao siku zote.

Turufu ni neno la Kireno, trunfo. Wareno nao wamelipata kwa Wataliani, ambao katika miaka ya 1440, huko Florence na Ferrara, waliandika habari za karata za trionfi, yaani karata za ushindi. Hizo ndizo zilizokuja kuitwa taroti: karata 78, zikiwamo picha 22 zisizo katika karata zetu za kawaida, kama Papa, Mauti, Jua na Gurudumu la Bahati. Picha hizo zilizishinda karata nyingine zote, na kwa sababu hiyo zikapewa jina la ushindi. Ulikuwa mchezo wa makasri. Habari za kutazamia bahati zilienea baadaye sana, hasa baada ya mwaka 1781, Mfaransa Court de Gébelin alipodai, bila ushahidi wowote, kwamba taroti ni kitabu cha hekima ya Misri ya kale. Basi jirani anaponiuliza kama nimeanza kupiga ramli, humjibu kwamba amedanganywa na Mfaransa huyo.

Tena si turufu peke yake. Kopa ni kikombe kwa Kireno, shupaza ni upanga, pau ni rungu, na uru ni dhahabu. Mchezaji wa leo hutazama umbo la moyo akasema kopa. Jicho linaona karata ya Kifaransa, ulimi unataja kikombe cha karata ya zamani. Vikombe, panga, marungu na sarafu za dhahabu ndizo aina nne za taroti hadi leo. Maneno haya yalishuka pwani yetu pamoja na Wareno, na hapana shaka yalipanda bara pamoja na Kiswahili chenyewe, katika njia kama ile ya misafara kati ya Kilwa na Ziwa Nyasa. Wajapani, waliofikiwa na Wareno mwaka 1543, wao husema karuta. Sisi na wao tumelipokea neno moja kutoka kwa mabaharia wale wale.

Raha ya mkusanyaji ni kuona picha ile ile ikipita katika mikono mingi. Karata za ukoo wa Visconti na Sforza zilichorwa Milano katikati ya karne ya 15 kwa dhahabu; wengi huzinasibisha na Bonifacio Bembo. Zimesalia 74, nazo zimegawanyika kati ya New York na Bergamo. Ibilisi na Mnara hazimo. Muumini wa Peramiho akionyeshwa picha zake atayatambua mengi aliyofunzwa katika katekisimu: Haki ipo, Nguvu ipo, Kiasi kipo. Busara, fadhila ya nne, haina karata.

Karata zilizoenea kuliko zote zilitolewa London mwaka 1909, na mchoraji wake alikuwa Pamela Colman Smith. Bibi huyu aliishi Jamaika kwa muda katika utoto wake, na mwaka 1899 alitoa kitabu cha hadithi za Anansi, yule buibui mjanja aliyevushwa bahari na watumwa wa Afrika Magharibi, ndugu wa Sungura wetu. Alifariki mwaka 1951 katika umaskini. Kwa miaka mingi karata zake ziliitwa kwa majina ya mchapaji, Rider, na ya aliyezitunga, Waite. Jina lake yeye halikutajwa.

Lakini karata inayonishughulisha zaidi ni ya kumi na mbili, Mtu Aliyetundikwa. Ananing'inia kwa mguu mmoja, kichwa chini. Wataliani wa kale walimwita msaliti, kwa kuwa katika miji yao wasaliti walichorwa hivyo kutani ili waaibishwe. Waite yeye alimtaka awe mtu aliyezama katika tafakuri, na Bibi Smith akamzungushia nuru kichwani.

Songea haiwezi kuitazama picha hiyo kwa wepesi. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa makumi ya viongozi wa Wangoni kwa sababu ya Vita vya Majimaji; Nduna Songea Mbano, ambaye mji una jina lake, alinyongwa siku chache baadaye. Serikali ile iliwaita waasi. Leo wana makumbusho, na siku yao huadhimishwa kila mwaka.

Niliwahi kuwaonyesha wazee wa barazani karata hiyo. Mmoja wao aliigeuza juu chini, mtu yule akawa amesimama, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akaniuliza, "huyu jina lake nani?"

Sikuwa na jina la kumpa.